Hesabu ya mwaka mmoja haitoshi kuwapima wahamiaji, kodi wala matumizi ya serikali

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nijibu makala ya safu yenu ya uchumi ambayo mwandishi wake alisema kwamba nchi yoyote yenye uchumi unaoyumba inaweza kusimama tena ikifanya mambo matatu: kuwarudisha wageni kwao, kupunguza kodi, na kubana matumizi ya serikali. Sina ugomvi naye kwa kuyataja mambo hayo pamoja, maana ni kweli yanapikwa katika chungu kimoja. Ugomvi wangu uko kwenye kipimo alichotumia. Katika makala nzima amehesabu kinachoingia na kinachotoka ndani ya mwaka mmoja wa fedha, na kwa kipimo hicho kila alichosema kinaonekana sawa: mgeni aliyefika mwezi uliopita ni gharama, kodi iliyopunguzwa ni nafuu, na mradi uliofutwa ni akiba. Nilifanya kazi ya uhasibu wa fedha za umma kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, na nilichojifunza huko ni kwamba mwaka wa fedha ni mstari uliochorwa ili mhasibu apate pa kufungia kitabu chake. Uchumi wenyewe hauutambui mstari huo.

Nianze na wahamiaji, kwa kuwa hapo ndipo makala ilipopaza sauti. Hoja yake ni kwamba kazi zilizopo nchini zina idadi yake, kama viti chumbani, na mgeni akikalia kimoja mwenyeji atabaki amesimama. Ni hoja rahisi kushika, na ndiyo maana haifi. Lakini mgeni huyo huyo anakula, anapanga nyumba, anavaa, anasafiri na kutibiwa, na kila anachokinunua ni kazi ya mtu mwingine aliyekilima, aliyekijenga, aliyekishona au aliyekiuza. Viti haviongezeki watu wakiingia chumbani. Kazi huongezeka, ingawa si mara zote kwa kasi ile ile, wala si lazima ziwe za aina ile ile au mahali pale pale. Hapo kwenye kasi ndipo penye mgogoro wa kweli, na wanauchumi wamebishana juu yake kwa miongo kadhaa.

Ubishi wao mashuhuri zaidi unahusu mji wa Miami. Kati ya Aprili na Oktoba 1980, Wakuba wapatao 125,000 waliondoka katika bandari ya Mariel baada ya serikali ya Fidel Castro kuwafungulia njia, wakavuka bahari hadi Florida, na nguvukazi ya Miami ikaongezeka kwa takriban asilimia 7 katika muda ambao hata mwaka haukutimia. Wengi wao hawakuwa na elimu kubwa wala hawakujua Kiingereza. David Card, ambaye mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya uchumi, alichapisha uchunguzi mwaka 1990 akionyesha kwamba mishahara na ajira za wafanyakazi wa kipato cha chini waliokuwapo Miami hazikwenda vibaya kuliko za wenzao katika miji mingine ya aina hiyo. Robo karne baadaye George Borjas wa Chuo Kikuu cha Harvard alilirudia suala hilo, akawatenga wanaume ambao hawakuwa wamemaliza sekondari, akadai kwamba kwao mishahara ilishuka sana. Wengine wakamjibu kwamba kundi alilolitenga lilikuwa na watu wachache mno katika sampuli, kiasi kwamba mabadiliko madogo tu ya aina ya watu waliohojiwa yangeweza kuzaa matokeo yale. Sitajifanya mwamuzi wa mabingwa hao. Ninachokiona ni kwamba hakuna kati yao aliyeikuta Miami imeanguka. Wanachobishania ni iwapo watu wa ngazi ya chini kabisa waliumia, na kwa kiasi gani. Hilo ni swali zito na lina dawa zake, kama vile kusimamia kima cha chini cha mshahara na kuwapa mafunzo mapya waliosukumwa pembeni, lakini haliwi ushahidi kwamba uchumi mzima hudidimia wageni wanapoingia.

Msomaji anaweza kusema kwamba Marekani ni tajiri na ingemeza idadi yoyote. Basi na aitazame Ureno. Baada ya mapinduzi ya Aprili 1974 na uhuru wa Angola na Msumbiji uliopatikana mwaka uliofuata, watu wapatao nusu milioni walihamia Ureno kutoka Afrika, wengi wao mikono mitupu, katika nchi yenye watu takriban milioni 9 ambayo tayari ilikuwa imetikiswa na kupanda kwa bei ya mafuta na vurugu za mapinduzi yenyewe. Baadhi yao walihifadhiwa hotelini kwa gharama ya serikali. Ajira zikapungua, deni likapanda, na kabla muongo haujaisha serikali ilikuwa imepiga hodi kwenye Shirika la Fedha la Kimataifa, yaani IMF. Kwa aliyesoma hesabu za miaka ile tu, lawama ilikuwa imeshapata wa kubebeshwa. Lakini watafiti walioilinganisha Ureno na Hispania, ambayo haikupokea wimbi la namna ile, walikuta kwamba ukosefu wa ajira ulipanda huko pia, kwa kuwa dhoruba ilikuwa ya Ulaya nzima. Ni kweli kwamba wengi wa waliohamia walikuwa raia na walizungumza Kireno, na hilo liliwarahisishia mambo. Hata hivyo, tumbo la raia na la mgeni hujazwa kwa gharama ile ile.

Tukiingia hazina, mwandishi wa safu anaukaribia ukweli zaidi, ila ameishia nusu ya njia. Ripoti ya Akademia za Kitaifa za Sayansi za Marekani ya mwaka 2016 ilikiri kwamba wahamiaji wa kizazi cha kwanza huzigharimu serikali za majimbo na za mitaa zaidi ya kile wanachozichangia, hasa kwa sababu ya gharama za kuwasomesha watoto wao. Ripoti hiyo hiyo ilionyesha kwamba watoto hao, wakishakuwa watu wazima, wanakuwa miongoni mwa wachangiaji wakubwa kabisa wa kodi nchini. Mhasibu atakayefunga kitabu mtoto akiwa darasa la tatu ataandika hasara, na atakayekifungua tena mtoto akiwa na umri wa miaka 35 ataandika faida, ilhali mtoto ni yule yule na shule ni ile ile. Sisemi kwamba faida huja kila mahali bila masharti. Hesabu ambazo Wizara ya Fedha ya Denmark imekuwa ikizitoa zinaonyesha kwamba, kwa ujumla wao, wahamiaji kutoka nchi zisizo za Magharibi huigharimu hazina ya nchi hiyo, wakati wale wa kutoka nchi za Magharibi huichangia, na tofauti hiyo kwa sehemu kubwa inafuata umri wao na kama wana kazi au hawana. Katika nchi yenye huduma za umma za ukarimu kama Denmark, mtu mzima asiye na kazi ni mzigo mkubwa, awe mzaliwa au mgeni.

Kuna jambo moja ambalo halipati nafasi magazetini, nami niliyekaa na vitabu vya hesabu nalipa uzito kuliko mengi. Gharama ya mgeni na mapato yanayotokana naye haviingii katika mfuko mmoja. Kodi yake ya mapato na kodi ya ongezeko la thamani anayoilipa kila anaponunua kitu, awe na hati au asiwe nazo, mara nyingi huenda hazina kuu; lakini darasa linalofurika, zahanati inayopanga foleni hadi nje na bomba la maji lisilotosheleza viko chini ya mamlaka ya mtaa au ya mji. Mwenyeji wa eneo lililopokea wageni wengi hasemi uongo anapolalamika kwamba huduma zimezidiwa, na waziri wa fedha naye hasemi uongo anapotangaza kwamba wahamiaji wameongeza mapato. Kila mmoja anasoma ukurasa wake. Serikali ambayo hairudishi sehemu ya mapato hayo kule ambako mzigo umeangukia inatengeneza chuki kwa mikono yake, halafu inashangaa ikiiona kwenye sanduku la kura.

Kuhusu kuwarudisha kwao, jaribio kubwa la ukanda wetu linajulikana na kila mtu wa rika langu. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia waliokuwa Uganda siku 90 wawe wameondoka. Kwa hesabu ya mwaka ule ilikuwa faida tupu: maduka, viwanda, nyumba na mashamba viligawiwa kwa watu ambao hawakulipa chochote. Miaka michache baadaye viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vilikuwa vimeporomoka, bidhaa za kawaida zimeadimika na magendo yamekuwa biashara ya kawaida. Waliopewa maduka waliuza kilichokuwemo rafuni wakakosa namna ya kuagiza kingine, kwa sababu mikopo, mawasiliano na wasambazaji vilikuwa vimeondoka pamoja na wenye maduka. Serikali zilizofuata zilitunga sheria ya kurudisha mali na kuwaalika wenyewe warudi, na familia za Madhvani na Mehta zilirudi kufufua viwanda vile kwa jasho na kwa mikopo. Aliyekuwa akifurahia ugawaji wa 1972 alikuwa na msemo wake tayari: mla ni mla leo, mla jana kala nini? Ni msemo unaochekesha barazani, na ni hatari ukiwa sera ya fedha.

Mfano wa kinyume chake ni Colombia, nao naupenda kwa sababu unaonyesha uhamiaji na kodi vikikutana ndani ya mwaka mmoja. Mwanzoni mwa 2021 nchi hiyo ilikuwa na Wavenezuela wapatao milioni 1.7 waliokimbia kuanguka kwa uchumi wa kwao, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na hati. Janga la Uviko-19 lilikuwa limeupunguza uchumi wa Colombia kwa takriban asilimia 7 mwaka uliotangulia. Kwa kipimo cha mwandishi wa safu huo ndio wakati wa kufunga mlango. Februari mwaka huo Rais Iván Duque, kiongozi wa mrengo wa kulia ambaye hakuna aliyemshuku kuwa na moyo laini kupita kiasi, alitangaza kwamba wahamiaji hao wangepewa hadhi ya ulinzi wa muda ya miaka 10, wakiwa na haki ya kufanya kazi rasmi na kupata huduma za afya. Mantiki yake ilikuwa ya kihasibu. Watu wale walikuwa wameshaingia na wasingeondoka. Wakiwa hawana hati wangeendelea kutumia barabara na hospitali za dharura huku mwajiri akiwalipa chini ya meza bila makato, na mshahara huo wa gizani ndio unaomshusha mfanyakazi mwenyeji. Mwajiri hawezi tena kumtishia kwa polisi mfanyakazi mwenye kibali, na mishahara ya watu hao ikianza kupitia benki, makato ya kodi na ya bima ya afya hufuata.

Miezi miwili baada ya hapo serikali ile ile ilijikwaa. Aprili 2021 ilipeleka bungeni muswada wa kodi ili kuziba pengo lililoachwa na janga, na humo ilitaka kuzipanua bidhaa na huduma zinazotozwa kodi ya ongezeko la thamani na kuwaingiza watu wengi zaidi wa kipato cha kati katika kodi ya mapato. Watu waliokuwa wamepoteza kazi mwaka mzima walimiminika barabarani, makumi wakauawa, na siku chache baadaye muswada ukaondolewa na waziri wa fedha, Alberto Carrasquilla, akajiuzulu. Kabla mwaka haujaisha ilipitishwa sheria nyingine ndogo zaidi, ambayo safari hii ilielekeza mkono wake zaidi kwenye makampuni. Pengo lilikuwa la kweli katika miswada yote miwili. Kilichobadilika ni nani aliyeambiwa alizibe na katika saa gani. Kenya nayo ilipita njia hiyo Juni 2024, pale Muswada wa Fedha ulipokataliwa barabarani kwa gharama ya maisha ya watu na Rais William Ruto akakataa kuutia saini.

Mwandishi wa safu atasema kwamba mifano hiyo inampa haki yeye, kwa kuwa alipendekeza kodi zishushwe. Nakubaliana naye kwamba kodi inaweza kupandishwa hadi ikajiua yenyewe. Mwanahistoria Ibn Khaldun wa Afrika Kaskazini aliliandika hilo katika karne ya 14, akieleza kwamba dola changa hukusanya mapato makubwa kwa viwango vidogo, na dola iliyochakaa hukusanya mapato madogo kwa viwango vikubwa, kwa sababu mzalishaji anayeona faida yake yote inachukuliwa huacha kuzalisha. Lakini hilo ni onyo kwa nchi iliyokwisha kumkamua ng'ombe hadi damu. Nchi nyingi maskini hukusanya kodi isiyofika asilimia 20 ya pato la taifa, wakati wastani wa nchi tajiri ni kama theluthi moja, na tatizo lao ni jingine: wanaolipa ni wachache. Mwajiriwa wa mshahara hukatwa kabla hajaiona fedha yake, mnunuzi hulipa kwenye bei ya bidhaa, ilhali kampuni kubwa imepewa msamaha wa miaka mingi ambao hakuna aliyerudi kuuliza ulileta nini. Kushusha kiwango kwa watu hao wachache bila kupanua wigo wa kodi ni kutoboa mtumbwi ili maji yatoke.

Sri Lanka ilifanya hivyo hasa. Gotabaya Rajapaksa alishinda urais Novemba 2019, na mara moja serikali yake ikaishusha kodi ya ongezeko la thamani kutoka asilimia 15 hadi 8, ikawaondolea biashara nyingi wajibu wa kujisajili, na kulegeza kodi ya mapato. Mwaka huo kila mtu alisikia nafuu mfukoni. Mapato ya serikali yakashuka hadi chini ya asilimia 10 ya pato la taifa, mashirika yanayopima uwezo wa nchi kulipa madeni yakaishusha daraja, na soko la hati fungani, ambako serikali hukopa kwa wawekezaji, likafungwa mbele yake wakati ambao janga lilikuwa limeua utalii. Ni haki kusema kwamba si kodi peke yake iliyoiangusha, kwa kuwa palikuwa pia na marufuku ya mbolea ya viwandani ya mwaka 2021 iliyoharibu mavuno, pamoja na mikopo ya nje ya miaka mingi. Hata hivyo nchi yenye mapato ingekuwa na pa kushika. Aprili 2022 ilisimamisha malipo ya madeni ya nje, Julai rais akakimbia nchi, na Januari 2024 wananchi wale wale waliopewa nafuu walikuwa wakilipa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, tena baada ya mfumuko wa bei kuwa umekwisha kuzila akiba zao. Wala usidhani ni ugonjwa wa maskini tu. Uingereza ilipotangaza Septemba 2022 punguzo la kodi la pauni bilioni 45 kwa mwaka bila kueleza pengo litazibwa na nini, sarafu yake ilianguka, Benki Kuu ikalazimika kuingia sokoni kununua hati fungani ili kuinusuru mifuko ya pensheni, na Waziri Mkuu Liz Truss hakumaliza hata miezi miwili ofisini.

Jambo la tatu, kubana matumizi, ndilo linalosifiwa sana na watu wenye busara, na kwa sababu hiyo linahitaji tahadhari zaidi. Mwaka 2010 Ugiriki, ikiwa imeficha kwa miaka ukubwa wa nakisi yake, yaani matumizi yaliyozidi mapato, ilipewa mkopo wa uokoaji wa yuro bilioni 110 kwa masharti ya kukata mishahara, pensheni na uwekezaji, na kupandisha kodi, yote kwa mkupuo mmoja. Waliopanga masharti hayo waliamini kwamba kila yuro moja itakayokatwa ingeupunguza uchumi kwa takriban nusu yuro. Mapema 2013 mwanauchumi mkuu wa IMF, Olivier Blanchard, akiwa na mwenzake Daniel Leigh, alichapisha maelezo yanayokiri kwamba makadirio ya aina hiyo yalikuwa madogo mno, na kwamba katika hali ya mdororo kila yuro iliyokatwa ilikuwa ikiondoa zaidi ya yuro nzima. Ni nadra kwa taasisi ya ukubwa huo kukiri kosa la hesabu hadharani, nami kama mhasibu nawavulia kofia, ijapokuwa ungamo lao halikumrudishia yeyote kazi. Uchumi wa Ugiriki ulisinyaa kwa takriban robo, ukosefu wa ajira ukapita asilimia 27, na deni ambalo yote haya yalifanywa ili lipungue likawa kubwa zaidi likilinganishwa na pato la taifa, kwa kuwa pato lenyewe lilikuwa limeyeyuka.

Halafu suala la uhamiaji likarudi kwa mlango wa nyuma. Mamia ya maelfu ya Wagiriki, wengi wao vijana wenye shahada, waliondoka nchini katika miaka ile, na madaktari waliosomeshwa kwa kodi ya Ugiriki wakaenda kutibu na kulipa kodi Ujerumani. Mwandishi wa safu anayehesabu gharama ya kila anayeingia hakuandika hata sentensi moja juu ya anayetoka. Nchi iliyomlea mtu kwa miaka 25 ikampoteza siku anayoanza kuzalisha imetoa msaada kwa nchi nyingine, na iliyompokea imepata mfanyakazi ambaye haikumnunulia hata daftari. Fedha anazotuma nyumbani huwasaidia wazazi wake, na katika nchi nyingi fedha hizo ni nyingi kuliko misaada ya nje, lakini haziijazi nafasi yake wodini.

Sitaki nionekane kama mtu anayetetea kila matumizi. Canada katika bajeti ya 1995 ilikata kwa kisu kikali chini ya waziri wa fedha Paul Martin, ikaondoa nakisi katika miaka michache, na uchumi wake ukakua. Tofauti yake na Ugiriki inafundisha. Canada ilikuwa na sarafu yake iliyoshuka thamani na kuzifanya bidhaa zake kuwa nafuu nje, riba zilikuwa zikishuka, na jirani yake Marekani alikuwa katika neema akinunua kila kilichouzwa. Ugiriki haikuwa na sarafu yake wala jirani mwenye hamu ya kununua. Anayetaka kubana matumizi aulize kwanza ni nani atakayenunua wakati serikali imeacha kununua.

Aulize pia kinachokatwa ni kipi. Katika miaka yangu ya kazi sikuwahi kuona msafara wa magari wala semina ya viongozi ikiwa ya kwanza kuguswa. Kinachoguswa kwanza ni matengenezo, kwa sababu barabara isiyozibwa mashimo mwaka huu haipigi kelele. Inayofuata ni ankara za wazabuni. Nakumbuka katika ofisi moja niliyoifanyia kazi, ambayo sitaitaja, ankara zilikuwa zikiwekwa kwenye droo kuanzia robo ya mwisho ya mwaka ili vitabu vifungwe vikiwa safi, na mwaka mpya ulipoanza zilitolewa zikiwa na ankara nyingine mpya juu yake. Nakisi katika taarifa ilipungua. Lakini mkandarasi ambaye hakulipwa alishindwa kurejesha mkopo wake, benki ikapandisha riba kwa wote wanaofanya biashara na serikali, mafundi wake wakakaa bila mshahara, na mamlaka ya kodi ikamwandikia barua ya kudai kodi ya mapato ambayo hakuwahi kuyapokea. Zabuni iliyofuata aliweka bei ya juu zaidi ili kufidia ucheleweshaji alioutarajia, na nani angemlaumu? Serikali ilikuwa imekopa kutoka kwa mtu mdogo kwa riba kubwa kuliko ya benki yoyote, bila kuandika mkopo huo popote.

Kwa hiyo, Mhariri, nina ombi kwa gazeti lako badala ya kwa mwandishi wa safu. Bajeti ijayo itakaposomwa, pamoja na orodha ya kawaida ya vilivyopanda na vilivyoshuka bei, naomba mchapishe mambo manne ambayo kwa kawaida hufichwa katika majedwali ya nyuma: jumla ya misamaha ya kodi na majina ya makampuni yaliyoipata, kiasi cha malimbikizo ya wazabuni na wakandarasi ambao hawajalipwa, sehemu ya mapato inayokwenda kulipa riba kabla mwalimu wa kwanza hajalipwa mshahara, na idadi ya vibali vya kazi vilivyotolewa ikiwa imewekwa kando ya idadi ya raia wenye taaluma walioondoka. Kama nafasi ni finyu, niko radhi tangazo lolote lingine liondolewe, na kama majedwali hayo hayapatikani wizarani, basi hilo nalo lichapishwe katika ukurasa wa kwanza, kwa herufi ambazo wazee wa umri wangu wanaweza kuzisoma bila miwani.

Wako,

Mhasibu mstaafu